Mkuu wa shule ya sekondari ya serikali na uongozi wa ufundishaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wakuu wa shule za sekondari za serikali Tanzania, hasa zile za kata, pamoja na makamu wao, walimu wa taaluma na wakuu wa idara. Maswali ni yale yanayorudi kila wakuu wanapokutana na kupata nafasi ya kuzungumza bila mgeni rasmi. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Misingi

1. Uongozi wa ufundishaji ni nini hasa?

Ni ile sehemu ya kazi ya mkuu inayogusa moja kwa moja anachojifunza mwanafunzi. Shule inataka wanafunzi wafike wapi katika kila somo? Nani anafundisha kidato gani, na kwa nini yeye? Nani anajua kinachotokea darasani mlango ukishafungwa? Mwalimu anayekwama anasaidiwa na nani? Alama za mitihani zikitoka, zinabadilisha nini katika ufundishaji wa wiki inayofuata?

Watafiti wa Marekani Philip Hallinger na Joseph Murphy walizigawa kazi hizi mwaka 1985 katika mafungu matatu: kuweka wazi dira ya shule, kusimamia mtaala na ufundishaji, na kujenga mazingira yanayosukuma watu kujifunza. Ndani ya fungu la tatu waliweka kazi ambayo kwetu hupuuzwa mno, nayo ni kulinda muda wa vipindi (swali la 7).

Fedha, ujenzi, chakula na ulinzi ni kazi halali za mkuu, na shule bila hivyo haisimami. Lakini mkuu anaweza kuzifanya zote vizuri mwaka mzima huku watoto wa kidato cha pili wakiwa hawajui kutatua mlinganyo rahisi.

2. Hiyo si kazi ya mwalimu wa taaluma?

Mwalimu wa taaluma anapanga ratiba, anaratibu mitihani na kutunza rekodi. Hana mamlaka ya kumwondoa mwalimu hodari kidato cha nne akampeleka kidato cha kwanza, wala ya kuamua kwamba fedha zilizobaki zinunue vitabu badala ya meza ya ofisi. Maamuzi hayo ni ya mkuu. Walimu wanajua hilo, na wanasoma kipaumbele cha shule kwa kutazama miguu ya mkuu inaelekea wapi baada ya mstarini asubuhi.

3. Kuna ushahidi kwamba mkuu anaweza kubadilisha matokeo?

Upo, na una funzo ambalo wengi hawalitegemei. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kuzilinganisha. Uongozi unaoshughulika na ufundishaji ulikuwa na athari kwa matokeo ya wanafunzi mara tatu hadi nne ya uongozi unaojikita katika kuhamasisha na kuunganisha watu tu. Kilichoongoza kwa nguvu ni mkuu kuhimiza kujifunza kwa walimu na kushiriki mwenyewe katika kujifunza huko. Kushiriki maana yake ni kukaa nao mezani. Kufungua semina na kuondoka hakuhesabiki.

Utafiti wa mwaka 2013 katika shule za umma za Miami-Dade, Florida, ulionyesha upande wa pili. Wakuu waliotumia muda mwingi kupitapita madarasani kwa haraka hawakuwa na matokeo mazuri zaidi. Hasa katika sekondari, uhusiano ulikuwa hasi. Waliowapa walimu wao mwongozo wa karibu ndio walioambatana na maendeleo. Ninauchukulia utafiti huo kwa uzito, kwa sababu kupita korido na fimbo ya macho ndiyo tabia ambayo wengi wetu tunaiita usimamizi.

4. Nawajibika kwa nani hasa katika jambo hili?

Kwa wengi, na hapo ndipo vichwa vinapouma. Tangu mwaka 2009 usimamizi wa sekondari uko katika halmashauri, kwa hiyo bosi wako wa kila siku ni Afisa Elimu Sekondari, chini ya OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Mtaala na sera ni vya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mihtasari na vitabu ni vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mitihani ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Nidhamu ya walimu ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, wako chini ya Wizara.

Kwa vitendo, mtu wa kumweka karibu ni mthibiti ubora. Ndiye pekee katika orodha hiyo ambaye kazi yake ni kukaa darasani. Usisubiri aje na barua. Mwalike aangalie somo linalokusumbua.

## Muda

5. Sina muda. Nina ujenzi, mifumo, wageni na vikao. Nitaingia darasani saa ngapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza hawatafuti visingizio. Fedha za UVIKO-19 zilipokuja mwaka 2021, sekondari zilijengewa madarasa 12,000 kwa miezi michache, na wakuu wa shule ndio waliosimama kwenye saruji na mchanga. Madarasa yale yalihitajika sana. Lakini kipindi kile kiliacha desturi ya kumwona mkuu kama msimamizi wa mafundi, na desturi hiyo haikuondoka mafundi walipoondoka. Juu yake ongeza mifumo ya kielektroniki ya FFARS (fedha za shule), NeST (manunuzi) na PEPMIS (tathmini ya utendaji wa watumishi), pamoja na taarifa zinazotakiwa "kabla ya saa sita leo".

Usitafute muda utakaobaki, kwa sababu haubaki. Chagua vipindi viwili kwa wiki, kwa mfano cha tatu Jumanne na cha pili Alhamisi, uviandike kwenye ratiba kuu ya shule kama vipindi vyako vya kuangalia ufundishaji. Mwambie Afisa Elimu Kata kwamba saa hizo uko darasani. Karani na makamu wajue kwamba simu zitasubiri dakika 40. Wageni wengi wanaweza kusubiri dakika 40, na asiyeweza huwa anakuja kwa dharura ambayo hata yeye anaijua.

Katika ujenzi wa fosi akaunti, ambao shule yenyewe inawasimamia mafundi bila mkandarasi, zipo kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Ziache zifanye kazi. Mkuu anayehesabu mwenyewe kila mfuko wa saruji ameziua kamati hizo, na amejifunga kamba.

Shule ikiwa na walimu 24 na wewe ukaangalia vipindi viwili kila wiki, wiki 12 zinatosha kumfikia kila mmoja. Makamu na wakuu wa idara wakichukua sehemu yao, kila mwalimu anaangaliwa mara mbili au tatu kwa muhula.

6. Lazima mkuu afundishe somo?

Fundisha, hata mkondo mmoja. Mkuu mwenye kipindi anajua chaki zimekwisha, anajua kitabu kipi hakitoshi, na anapozungumza kuhusu masahihisho walimu wanajua kwamba naye ana rundo la madaftari. Chagua kipindi cha asubuhi mapema, kabla halmashauri haijaanza kupiga simu. Ukiona unakosa zaidi ya unavyoingia, mpe mwalimu mwingine darasa hilo. Wanafunzi wasilipe gharama ya mfano wako mzuri.

7. Kulinda muda wa vipindi maana yake nini kwa vitendo?

Fanya hesabu hii mbele ya walimu wako. Mwaka wa masomo una siku 194. Kipindi cha kwanza kikichelewa dakika 10 kila siku kwa sababu ya matangazo ya mstarini, mkondo mmoja unapoteza dakika 1,940 kwa mwaka. Hivyo ni vipindi 48 na nusu. Hujahesabu bado siku za mwenge, michezo, mahafali, wiki ya mitihani ya ndani, na wanafunzi wanaotolewa darasani kwenda kubeba maji.

Mambo yanayosaidia yanajulikana: matangazo marefu yaende Ijumaa, adhabu za kazi zisifanyike saa za masomo, vikao vya walimu vianze baada ya kipindi cha mwisho, na mwalimu mwenye ruhusa aache kazi ambayo kiranja wa darasa ataigawa. Kagua shajara ya darasa kila Ijumaa uone vipindi vilivyopotea na sababu zake. Mara nyingi utakuta sababu kubwa ni ofisi yako mwenyewe.

## Ndani ya darasa

8. Kuangalia kipindi kunatofautianaje na ukaguzi?

Ukaguzi unauliza kama mwalimu ametimiza yanayotakiwa. Wewe unauliza kama wanafunzi wamejifunza, na mwalimu afanye nini kesho. Mthibiti ubora anaondoka na ripoti. Wewe unabaki, na wiki mbili baadaye unaweza kurudi kuona kama kitu kimebadilika. Nguvu yako iko hapo.

9. Nikae muda gani, na niangalie nini?

Kaa kipindi kizima. Mwanzo unaonyesha maandalizi, lakini ni dakika 10 za mwisho zinazoonyesha kama kuna aliyeelewa. Mwalimu ajue siku na saa mapema. Hata akijiandaa zaidi ya kawaida, utakuwa umeona uwezo wake, na hilo ni jambo la maana kulijua.

Kaa nyuma au pembeni, si mbele. Usimtazame mwalimu muda wote. Tazama wanafunzi. Andika nani ameulizwa na nani hajaulizwa. Hesabu maswali yanayojibiwa "ndiyo" kwa sauti ya darasa zima, maana hayo hayamwambii mwalimu chochote. Tazama daftari la aliyekaa karibu nawe: ananakili, au anafikiri? Kazi ya kufanya ilitolewa lini, na wangapi waliimaliza? Nusu ukurasa unatosha. Fomu ya vipengele thelathini hukufanya uweke tiki badala ya kuona.

Usimkosoe mwalimu mbele ya wanafunzi, hata akikosea ubaoni. Kosa kubwa la maudhui mwambie kwa sauti ya chini kipindi kikiisha, alirekebishe mwenyewe kipindi kijacho.

10. Nimeona kipindi. Niseme nini baadaye?

Zungumzeni siku hiyohiyo, mahali pasipo watu, mkiwa mmekaa wote wawili. Dakika 15 zinatosha. Anza na ulichoandika, si na hukumu. Kwa mfano:

"Mwalimu, uliuliza maswali 14. Niliona yamejibiwa na wanafunzi watano, wote wa safu mbili za mbele. Wa nyuma unadhani walikuwa wapi?"

Kisha nyamaza. Mwalimu mzuri atajieleza na mara nyingi atajipa ushauri mwenyewe. Mwalimu mchanga atahitaji umwonyeshe: "Kesho uliza swali, wape nusu dakika waandike jibu, halafu chagua jina kutoka kwenye daftari la mahudhurio." Kubalianeni jambo moja tu, na tarehe ya wewe kurudi. Ukimpa mapendekezo saba hatafanya hata moja, na hatakuwa amekosea.

Ukikosa muda wa mazungumzo haya, afadhali usingeingia darasani. Kuangalia bila kuzungumza kunaacha hofu tu.

11. Walimu wanasema ninawawinda. Nifanyeje?

Sikiliza kwanza, huenda wana sababu. Kama mara ya mwisho mkuu kuingia darasani ilifuatiwa na barua ya kujieleza, watakuwa wajinga wasipoogopa. Tenganisha mambo hayo mawili waziwazi: daftari lako la kuangalia vipindi halitumiki kwenye nidhamu wala kwenye PEPMIS, na ulitangaze hilo kikaoni. Kisha waalike waangalie kipindi chako, wakupe mrejesho kwa sauti. Anza kuzuru madarasa ya walimu mahiri, ili kuangaliwa kusiwe alama ya udhaifu.

Utoro wa mwalimu ni suala jingine (swali la 20).

12. Mwalimu huyu alinifundisha mimi. Nitamwangaliaje?

Kwa heshima ileile uliyomwamkia nayo asubuhi. Shikamoo yako haipungui kwa kuwa umepewa ofisi, na mamlaka yako hayapungui kwa kutoa shikamoo. Usimpelekee ratiba ya kuangaliwa kupitia karani. Mfuate mwenyewe: "Mwalimu, naomba nikae kwenye kipindi chako cha Alhamisi, nataka kuona unavyowafundisha kidato cha tatu mada hii." Wazee wengi wa kazi wana utajiri ambao hakuna aliyewahi kuwaomba. Mpe mwalimu mgeni amlee. Kama kweli ufundishaji wake umechoka, mada moja moja mtaifufua pamoja. Usimrekebishe mbele ya vijana.

13. Mimi nilisomea historia. Nitaangaliaje kipindi cha fizikia?

Yote ya swali la 9 unaweza kuyaona bila kujua fizikia. Usahihi wa maudhui mwachie mkuu wa idara, au mwalimu wa fizikia wa shule jirani. Na mara nyingine kutojua somo ni msaada: usipoelewa maelezo ya mwalimu, kuna uwezekano mkubwa mtoto wa nyuma hajaelewa pia. Muulize mwalimu akueleze.

14. Nikishasaini maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, si nimesimamia?

Umesaini karatasi. Azimio la kazi linakuambia mwalimu anakusudia nini, na ni muhimu mwanzoni mwa muhula. Lakini andalio safi linaweza kunakiliwa kutoka mwaka jana bila kuguswa, na mihuri yote ikawepo. Linganisha vitu vitatu: azimio, shajara ya darasa na daftari la mwanafunzi. Vikikubaliana, mada inafundishwa. Visipokubaliana, amini daftari la mwanafunzi.

## Uhaba, lugha na msongamano

15. Nina mwalimu mmoja wa hisabati kwa vidato vinne. Uongozi utafanya nini hapo?

Hautaumba mwalimu wa pili. Utaamua mmoja aliyepo atumikeje, na kwa kawaida tunaamua vibaya: tunampa kidato cha tatu na cha nne, kisha cha kwanza na cha pili wanaishi kwa bahati. Baada ya miaka miwili tunashangaa kwamba kidato cha tatu hakina msingi. Mpeni angalau nusu ya muda wake vidato vya chini. Unganisha mikondo pale chumba kinaporuhusu, mwalimu wa fizikia au wa jiografia asimamie mazoezi ya hatua za mwanzo, na zungumza na mkuu wa shule jirani mbadilishane: yeye ana hisabati, wewe una kemia.

Walimu wa kujitolea wanaokoa shule nyingi. Lakini michango ya kuwalipa isipite mikononi mwako wala mwa walimu wako. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, hili limewaponza wakuu wengi waliokuwa na nia njema. Ipitie bodi na taratibu za halmashauri, na iwe ya hiari kweli; mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili yake.

Peleka taarifa ya upungufu kwa maandishi kila muhula, somo kwa somo, na uweke nakala.

16. Kidato cha kwanza hawaelewi Kiingereza. Tufundishe kwa Kiswahili?

Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na Januari anaingizwa kwenye biolojia kwa Kiingereza. Kuona ugumu wake kama uvivu ni dhuluma. Kozi ya kumwandaa katika lugha mwanzoni mwa kidato cha kwanza si muda wa kungojea vitabu vifike. Ipangie walimu wako bora wa lugha, na walimu wa masomo mengine wahudhurie ili wajue watoto wako wapi.

Baada ya hapo, shule iwe na utaratibu mmoja. Nimeona huu ukifanya kazi: kila mwalimu anaandika ubaoni maneno matano au sita mapya ya mada, anayatamka na wanafunzi, anayaeleza kwa mfano, na kwa Kiswahili pale inapobidi, kisha anadai yatumike katika sentensi kamili za Kiingereza kabla kipindi hakijaisha. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu anayefundisha yote kwa Kiswahili na kuandika nukuu kwa Kiingereza anawaacha wanafunzi na maandishi wasiyoyamiliki.

Adhabu kwa mtoto aliyesema Kiswahili ifutwe. Inamfundisha kunyamaza, na anayenyamaza darasani humjui anakwama wapi.

17. Darasa lina wanafunzi 90. Masahihisho yatawezekanaje?

Hayatawezekana kwa kila zoezi, na kudai hivyo kunazaa tiki nyekundu zisizosomwa. Kubalianeni kazi moja kwa wiki inasahihishwa kwa makini, nyingine wanafunzi wanabadilishana madaftari huku jibu likijadiliwa ubaoni.

Wewe kila wiki chukua madaftari sita ya mkondo mmoja: mawili ya wanafunzi wa juu, mawili ya kati, mawili ya chini. Yaweke mezani pamoja na mwalimu. Ukiona yote sita yana nukuu zilezile na hakuna jibu hata moja la mwanafunzi mwenyewe, umepata mada ya mazungumzo.

## Mitihani

18. Matokeo ya kitaifa yametoka. Kikao cha tathmini kiende vipi?

Kisiwe mahakama. Mnaukumbuka mtihani wa kidato cha nne wa 2012: watahiniwa sita kati ya kumi walipata divisheni sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo shule mpya za kata zilizofunguliwa kwa kasi bila walimu wala maabara. Lakini mjadala mkubwa ulikuwa wa nani alaumiwe, na lawama haikumfundisha mtoto yeyote.

Anza na somo na mada. Katika upimaji wa kidato cha pili, maswali gani yaliwashinda wengi? Mada hizo zilifundishwa mwezi gani, na kwa vipindi vingapi? Somo lililofanya vizuri lilifanya nini tofauti? Toka na mambo matatu ya kubadilisha, yenye jina la mtu na tarehe. Kisha yafuatilie katika vipindi vyako viwili vya wiki (swali la 5). Bango la "Ondoa sifuri" ukutani si mpango.

Usikubali pia kumshawishi mwanafunzi dhaifu ahame au asisajiliwe ili wastani upande. Huo ni wizi wa nafasi ya mtoto. Ushindani umepungua makali tangu Januari 2023, NECTA ilipoacha kutangaza shule na wanafunzi bora, lakini mikoa na halmashauri bado zinapanga shule zao kwa orodha, na shinikizo unalijua.

19. Kambi za kitaaluma na masomo ya ziada yanasaidia?

Yanasaidia kurudia kilichofundishwa. Hayawezi kubeba ambacho hakikufundishwa tangu kidato cha kwanza. Kama kambi inawachosha walimu hadi vipindi vya kawaida vinadorora, ifupishe.

## Walimu na hali zisizo za kawaida

20. Mwalimu haingii darasani kabisa, na mrejesho haujasaidia.

Hapo umetoka kwenye uongozi wa ufundishaji na kuingia kwenye nidhamu, na ni haki kuingia. Kwanza jua kisa: ugonjwa, deni, msiba, ulevi, mshahara uliokwama. Kila kimoja kina njia yake. Ukishajua, andika. Tarehe, kipindi, mkondo, na maelezo yake mwenyewe. Mkuu wa shule ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi ya walimu. Mazito yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Faili tupu halimsaidii mtu. Wakuu wanaolalamika kwamba "walimu hawafukuziki" mara nyingi hawana hata barua moja.

21. JzK (jumuiya ya kujifunza ya walimu) shuleni kwangu imegeuka kikao cha chai. Nifanyeje?

Jumuiya za kujifunza zilizo chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ni fursa nzuri tuliyopewa, kwa sababu hazihitaji posho ya safari wala hoteli. Zinakufa zinapokosa kazi mahususi. Wape jambo dogo: leteni swali moja ambalo wanafunzi wenu walilikosea wiki hii na madaftari matatu. Mwalimu mmoja afundishe mada hiyo mbele ya wenzake kwa dakika 15, wengine wakae kama wanafunzi. Wewe uwepo, mwanzo hadi mwisho, ukiwa na kalamu. Jibu la swali la 3 linaeleza kwa nini.

22. Nilipewa ukuu bila mafunzo yoyote. Niende wapi?

ADEM, yaani Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu ulioko Bagamoyo, wenye kampasi Mwanza na Mbeya, una kozi ndefu na fupi za uongozi wa shule. TAHOSSA, umoja wetu wa wakuu wa sekondari, ni mahali pa kupata mwenzako wa kuuliza bila aibu. Tafuta mkuu mmoja unayemheshimu, ukakae shuleni kwake siku nzima, uone anavyoitumia siku yake.

23. Nijiandaeje kwa mwaka 2028?

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Wanafunzi walioanza nao darasa la tatu wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wanaomaliza la saba, na kundi zima kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Kila mtu atazungumzia madawati. Wewe zungumzia pia nani atawafundisha, maana umri na maandalizi yao vitatofautiana ndani ya darasa moja. Anza sasa kukuza walimu wa kidato cha kwanza. Hao wasiwe wale waliobaki baada ya kidato cha nne kugawiwa.

24. Ninahamishwa katikati ya mwaka. Daftari la kuangalia vipindi nimwachie mrithi wangu?

Mpe makubaliano, si maelezo ya siri: mwalimu fulani anafanyia kazi maswali, idara fulani inahitaji msaada wa mada fulani. Waambie walimu umemwachia nini. Waliofungua milango yao kwa kukuamini wasije wakasomewa maneno yako na mtu wasiyemjua.

25. Mimi ni mzazi. Nitajuaje kama mkuu wa shule ya mwanangu anasimamia masomo?

Fungua daftari la mtoto wako la hisabati na la Kiingereza. Angalia tarehe: kuna pengo la wiki tatu? Angalia masahihisho: kuna maneno ya mwalimu, au tiki tupu? Muulize mtoto ni lini mara ya mwisho mkuu alikaa darasani kwao hadi kengele ikalia. Kisha kwenye mkutano wa wazazi, mjadala wa uzio ukiisha, nyosha mkono uulize somo gani liko nyuma na shule inafanya nini. Mkuu anayeingia darasani atakujibu bila kufungua faili.